Kapsuli Nyekundu za Mwalimu Breki

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya, najua. Msomaji mmoja ameniandikia kwamba alikuwa akisoma huku anapika, chakula kikaungua, na mumewe ananidai chakula cha jioni. Poleni nyumba nzima. Haya, turudi pale pale.

Mama Mapazia amesimama katika duka la Kinyozi. Amefuata kofia ya mumewe, na kofia anayo mkononi, lakini macho yake yamo kwenye pipa la taka. Juu ya nywele za wateja zimelala dawa za moyo za Kinyozi, pakiti nzima, haijaguswa.

"Shemeji," alisema, "hizi dawa zinatafuta nini kwenye nywele?"

Kinyozi hakusimamisha mashine. Mteja wake alikuwa amenyolewa upande mmoja wa kichwa, upande wa pili unasubiri zamu.

"Nimeachana nazo, shemeji. Mumeo kaniponya."

Mama Mapazia akashika kiti kilichokuwa karibu. 

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, siri yenyewe ni hii, nawapa kwa mkupuo mmoja. Mwalimu Breki, mume wa Mama Mapazia, anafundisha udereva. Moyo wake ulipoanza kuchoka, hospitali ilimpa dawa, na mojawapo ni ile ya kumkojoza mtu ili maji yasimjae mwilini. Mwalimu wa udereva anayekimbilia chooni kila baada ya kona mbili hana heshima mbele ya wanafunzi. Akazificha dawa zote chini ya kochi, akasema amezimaliza.

Hapo akaingia mkwe wao, mke wa kijana wao mkubwa, binti mchangamfu anayeuza virutubisho, na mwenye mimba ya mjukuu wao wa kwanza. Alileta kichupa cha kapsuli nyekundu. Antioksidanti, alisema, kama zile zilizomo kwenye matunda, za kuusaidia moyo huku baba akiendelea na dawa zake. Breki akazipenda mara moja, maana kapsuli ni nyekundu na hazina daktari ndani yake. Dawa zake hakuzigusa tena.

Mama Mapazia anashona mapazia. Vidole vyake havijui kushindwa na kitu chembamba. Akawa anafungua kapsuli moja moja, anamwaga unga, anatia humo dawa za hospitali alizozikuta chini ya kochi, anafunga, anarudisha kichupani. Breki akameza, miguu ikanywea, pumzi ikarudi. Kukojoa kukarudi pia, lakini mkewe akamwambia hizo ni sumu zinatoka, na tangu siku hiyo bwana mkubwa anakwenda chooni kwa furaha.

Kisha akaanza kuwahubiria watu. Mtu wa kwanza kuongoka alikuwa Kinyozi, rafiki yake wa siku nyingi, akajinunulia kichupa chake kwa mkwe.

"Nani kakwambia uache dawa?" Mama Mapazia aliuliza.

"Mwalimu mwenyewe. Kanikalisha kwenye kiti hiki hiki changu, kaniambia gari haliendeshwi na madereva wawili, chagua mmoja. Nikachagua."

Mama Mapazia akatazama chini. Kanda za kandambili zilikuwa zimezama kwenye nyama ya miguu ya Kinyozi.

"Umevimba."

"Sumu hizo. Zinashuka chini kwanza, halafu zinatoka."

"Na hiyo pumzi?"

"Pumzi... ipi?"

"Hiyo hiyo," mteja akadakia kutoka chini ya kitambaa. "Mzee, leo unaninyoa kwa vituo."

Kinyozi akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Alipotulia akaonyesha shati lililotundikwa nyuma ya mlango, limepigwa pasi likakubali.

"Leo alasiri napanda jukwaani na mumeo, kule ukumbini, mkwe wenu anakonadi vile virutubisho vyake. Nitasimulia jinsi moyo wangu ulivyopona."

"Shemeji, rudia dawa. Nakuomba."

"Nipe sababu moja tu. Mumeo hamezi, na tazama anavyopaa."

Sababu alikuwa nayo. Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini kuisema mbele ya mteja mwenye masikio mazima na nusu ya nywele ni kumwaga mtama penye kuku wengi. Breki angeisikia barabarani kabla ya kuisikia nyumbani, na Mama Mapazia anamjua mumewe. Angetupa kapsuli, angetupa dawa, angekufa kwa hasira akiwa na haki. Lakini akinyamaza, anayekufa ni huyu hapa. Huyu ndiye aliyemnyoa Breki asubuhi ya harusi yao na kumsukuma nje alipotaka kughairi.

"Sababu naileta," akasema.

Akaokota pakiti, akaipuliza nywele, akaiweka mezani mbele ya kioo. Akatoka mbio. Kofia akaisahau.

Gari la Mwalimu Breki halihitaji kutafutwa. Lina bango juu ya paa, na watu wa miguu hulipita. Mama Mapazia alilikuta limezimika kwenye njia panda, honi zinalia nyuma yake, akafungua mlango wa nyuma akaingia.

Kwenye usukani alikuwa Mkunga, mwanamke mtu mzima aliyezalisha nusu ya mtaa bila mkono kutetemeka. Sasa jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni.

"Mke wangu, hili ni darasa," Breki alisema bila kugeuka.

"Endeleeni. Mimi abiria."

"Mkunga, klachi, gia, kioo. Abiria hujamwona. Ondoka."

Gari likaruka mara moja, likatafakari, likaondoka.

"Baba, Kinyozi amevimba miguu."

"Sumu."

"Anahema."

"Mapafu yanafunguka."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Mwili wangu! Mimi ni ushahidi unaotembea. Mkunga, kulia ni huku, huko kuna ukuta."

"Basi leo ushahidi usitembee. Usipande jukwaani. Mpigie rafiki yako, mwambie arudie dawa za hospitali."

Breki akageuka sasa, shingo nzima.

"Hivi wewe unaumwa nini? Nilipokuwa nimelala kitandani kama gunia ulilia. Nimeinuka, umenuna. Ulitaka nibaki vile?"

Maneno yale yalimchoma Mama Mapazia mahali ambapo hakuna aliyejua pana kidonda. Alifumbua mdomo. Na hapo hapo Breki akapiga dashibodi.

"Kituo cha mafuta! Egesha! Sumu!"

Akashuka kabla gari halijasimama sawasawa, akaelekea chooni kifua mbele, anawasalimia wauza mafuta kwa majina yao.

Mkunga akamfuata kwa macho. Kisha akamtazama mama wa watu kwenye kioo.

"Mama, mumeo anatumia dawa ya kukojoza."

"Hatumii."

"Nimekaa wodini tangu wewe una kiuno. Mtu hafungui mlango wa gari namna ile bila dawa."

Mama Mapazia akajikaza, akashindwa. Akayatoa yote, kochi, kapsuli, vidole, kila kitu, kwa pumzi moja. Mkunga akaachia usukani, aliokuwa bado ameung'ang'ania ingawa gari lilikuwa limesimama.

"Na ule unga mwekundu, unaupeleka wapi?"

"Kwenye chungu cha maua barazani."

"Yanasemaje?"

"Yamechanua mpaka jirani anaomba mbegu."

Mkunga akacheka mpaka miwani ikamteleza. Alipoirudisha, uso ulikuwa umebadilika.

"Umemmezesha mtu mzima dawa bila kumwambia. Inabidi nikugombeze, halafu nikukumbatie, na sijui nianze na lipi. Lakini Kinyozi hawezi kusubiri niamue. Mwambie mumeo. Akiingia tu humu."

"Ataacha zote, Mkunga. Unamjua."

"Labda ataacha. Kinyozi ameshaacha."

Breki akarudi anapangusa mikono kwenye suruali, uso umekunjuka.

"Nimebaki mwepesi! Haya, tuendelee na kurudi nyuma."

"Baba, nina neno."

Simu ya Breki ikalia. Kwenye kioo palikuwa na jina la Kinyozi, lakini sauti haikuwa yake.

"Mwalimu, mimi mteja. Yule wa nusu. Mzee kaangusha mashine, yuko sakafuni, anasema kifua kimejaa na hewa haipandi. Nimwagie maji?"

"Usimmwagie kitu!" Mkunga alipiga kelele kuelekea kwenye simu. "Mkalishe wima, mwegemeze ukutani. Asilale. Fungua milango na madirisha. Tunakuja."

Kawaida ya kazi ilitaka Mwalimu ahamie kwenye usukani. Hakupewa nafasi. Mkunga alikuwa ameshatoka barabarani, gia ya kwanza, ya pili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ya tatu.

"Ishara! Hujatoa ishara!"

"Baba," Mama Mapazia akasema, ameshika kiti cha mumewe kwa mikono yote miwili. "Ndani ya kapsuli zako hamna antioksidanti."

"Mkunga, punguza. Humo mna nini?"

"Dawa za hospitali. Zile ulizozificha chini ya kochi, na nyingine nilizokufuatia kliniki zilipokwisha. Nazitia mwenyewe, kapsuli kwa kapsuli."

Sasa msomaji kama hujawahi kujifunza gari, jua hili: gari la mafunzo lina breki mbili. Moja ya mwanafunzi. Ya pili iko chini ya mguu wa mwalimu, kwa ajili ya mambo ya ghafla. Ndiyo iliyompa mtu wetu jina.

Gari likasimama katikati ya barabara. Tairi zililia, dereva wa nyuma akatukana.

"Zote?" Breki aliuliza.

"Zote."

"Na kukojoa?"

"Dawa."

"Na pumzi iliyorudi?"

"Dawa."

Kulikuwa na jambo moja bado, lile Breki alilolisimulia kila mahali, na alitaka sana libaki lake.

"Na siku ile nilipopanda ngazi za ofisi ya leseni mpaka juu bila kupumzika?"

Mama Mapazia alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa analia sasa, na hakujificha.

"Mwalimu," Mkunga akasema kwa upole aliouzoea wodini, "ondoa mguu. Rafiki yako hana hewa."

Breki akautazama mguu wake. Ulikuwa umekanyaga pedali kwa nguvu zote, hata kiatu kimepinda. Akauinua.

"Nenda," akasema. "Achana na ishara."

Kinyozi walimkuta ameegemea ukuta, midomo imepauka, mteja anampepea kwa kitambaa cha kunyolea. Walimwingiza kiti cha nyuma. Mteja naye akaingia, maana hakuna aliyemwambia asiingie. Mkunga aliendesha mpaka mlango wa hospitali na kuegesha kwa mstari ulionyooka, kitu ambacho kilikuwa kimemshinda mwezi mzima.

Sitawachosha na mambo ya chumba cha dharura. Wakamvisha hewa puani, wakamchoma sindano ya kutoa maji, na baada ya muda rangi ikaanza kurudi midomoni. Kipindi chote hicho Breki alisimama ukutani na hakutoa hata amri moja. Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu foleni, akaja na kalamu.

"Anatumia dawa gani?"

Kinyozi, barakoa ya hewa usoni, akanyoosha kidole kwa Breki.

"Muulizeni Mwalimu."

Ile ndiyo ilikuwa nafasi ya Breki kunyamaza. Angesema hajui, na mkewe asingemsuta. Lakini akasogea kitandani.

"Alikuwa anatumia zenu, daktari. Nikamwambia aache, anywe hivi virutubisho peke yake kama mimi. Na mimi..." Akasita, akamtazama mkewe. "Mimi muda wote nilikuwa nakunywa zenu. Nilikuwa sijui."

Daktari akaweka kalamu chini. Ameona mengi, lakini hili lilimtaka kiti.

"Sikilizeni wote," akasema alipoelezwa. "Mimi sigombani na antioksidanti. Zimo kwenye matunda na mboga, kuleni mshibe. Hizi za kichupani zimechunguzwa kwa wagonjwa wa moyo. Nyingi hazikuonyesha faida ya maana, moja mbili zinatia matumaini na bado zinaangaliwa. Lakini hata hizo zinakaa pembeni ya dawa. Hazichukui nafasi yake. Na nyingine zinagombana na dawa, kwa hiyo mtu akitaka kuzimeza aje aniambie, sing'ati."

"Kiti cha pembeni," Breki alinong'ona. "Mimi nikazipa usukani."

Kinyozi akavuta barakoa chini kidogo.

"Kwa hiyo, ndugu yangu, wewe ulikuwa unameza dawa, mimi nameza rangi?"

Mteja wa nusu akashindwa kujizuia, akacheka. Hata daktari akageuza uso. Lakini Kinyozi hakuwa amemaliza.

"Nilikuamini kuliko huyu daktari," akasema. "Kwa sababu ni wewe."

Kicheko kikafa. Breki akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaushika mkono wa rafiki yake, na machozi yakamtoka waziwazi mbele ya mwanafunzi wake.

Nje, kwenye benchi la varanda, mume na mke walikaa wameachiana nafasi ya mtu mmoja.

"Umenidanganya," Breki alisema.

"Nimekudanganya."

"Kila asubuhi unaniletea na maji. Unasimama unanitazama nimeze. Nikadhani ni mapenzi."

"Ni nini kingine basi?" Mama Mapazia akamgeukia. "Nilikuomba, ukazificha. Nilikugombeza, ukazificha mbali zaidi. Nikaona nikikuacha na ukweli wako nitakuzika. Nilikutaka hai. Unikasirikie, unisuse, lakini uwe hai."

Breki akasogea, ile nafasi ya mtu mmoja ikaisha.

"Kesho nipe mkononi, bila nguo nyekundu. Nitazimeza nikiziona."

"Na kukojoa?"

"Nitaweka vituo kwenye ratiba ya masomo. Mwanafunzi ajifunze kuegesha."

Akaangalia saa ya ukutani, akanyanyuka.

"Na jukwaani napanda. Naenda kuwaambia watu wote kwamba ushahidi wao ulikuwa unadanganya bila kujua."

Mama Mapazia alicheka huku anafuta macho. Mkunga alikuja na chupa ya maji, akawakuta hivyo, akafurahi. Ningependa kuishia hapo, nami nikapumzike. Lakini daktari akatoa kichwa mlangoni.

"Mwalimu, nipe kile kichupa chako. Nataka nione alivyokuwa anazipanga, nipime kama kipimo kilikuwa sawa."

Breki akapapasa mfuko wa shati. Akapapasa wa suruali. Mkono ukasimama.

"Sinacho. Asubuhi nimempa mkwe."

"Umempa cha nini?" Mama Mapazia akauliza, na sauti ilikuwa imeshaanza kupanda.

"Aliniomba. Alisema watu ukumbini watataka kuona kichupa chenyewe kilichomponya Mwalimu Breki. Nikamwambia asiwaonyeshe tu, awaonjeshe."

Mama Mapazia alikuwa ameshapiga simu kabla mumewe hajamaliza. Ikaita, ikaita. Ikapokelewa katikati ya makofi na vigelegele.

"Mama! Mko wapi? Watu wamejaa mpaka mlangoni!"

"Mwanangu, kichupa cha baba, umekifungua?"

"Ndiyo! Kuna baba mmoja kasimama, kaniuliza mbona mimi muuzaji simezi. Nikameza kapsuli moja mbele yao, nao wakashangilia!"

Mkunga akaitwaa simu mkononi mwa Mama Mapazia bila kuomba.

"Binti, ni mimi, mkunga wako. Kaa kitako sasa hivi. Ndani ya hizo kapsuli kuna dawa za moyo, na nyingine si za mwenye mimba. Usimeze tena, tunakuja kukuchukua. Hicho kichupa kishike, usimpe mtu mwingine hata kapsuli moja. Kiko mkononi mwako?"

Ukumbi ulikuwa bado unapiga makofi. Mkwe akatazama huku na huku.

"Hapana," akasema. "Kinapitishwa. Sasa hivi kimefika viti vya nyuma."